Duka Linalomchagua Mnunuzi

Hivi majuzi nilialikwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili nihudhurie kipindi chake katika shule ya upili ya kutwa ambayo jina lake nitalihifadhi. Shule hiyo ina vishikwambi 22 vinavyolala ndani ya kabati la chuma, na siku hiyo vilikuwa vimetolewa, vimefutwa vumbi na kuchajiwa tangu usiku ili wanafunzi wajifunze kutumia kamusi ya kielektroniki. Mwalimu aliandika jina la programu ubaoni kwa chaki, akaeleza namna ya kulifungua duka la programu na kulitafuta jina hilo, kisha akawaachia wanafunzi uwanja. Dakika kumi hazikupita kabla ya mikono kuanza kuinuliwa. Vishikwambi 13 viliipata kamusi bila taabu. Katika vinne, duka lilifunguka vizuri ila kamusi haikuonekana, kana kwamba haijapata kuandikwa. Vitatu vilidai kwamba haviwezi kuwasiliana na duka, ilhali vilikuwa vimeunganishwa na mtandao ule ule wa shule. Kimoja kilitoa ujumbe kwamba kifaa hakiendani na toleo hilo la programu. Na kimoja, cha mwisho, hakikuwa na duka lenyewe.

"Rudisheni hivyo vibovu hapa mbele," mwalimu alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha hakurudisha chake. Alikilinganisha na cha jirani yake, akavigeuza vyote viwili, akauliza: "Mwalimu, kwani changu si sawa na chake? Hata jalada ni moja." Mwalimu alinitazama mimi. Nami, nikiwa mgeni, nilitazama ubao.

Makala haya ni jaribio la kumjibu binti huyo, maana swali lake ni swali la shule nyingi. Tangu mwaka 2016, serikali ya Kenya ilipoanza kupeleka vifaa vya dijitali katika shule za msingi za umma, vifaa zaidi ya milioni moja vimeingia madarasani. Sensa ya Agosti 2019 ilifanywa kwa vishikwambi vilivyounganishwa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na kile cha JKUAT, na baadaye sehemu ya vifaa hivyo ikaelekezwa shuleni. Wenzetu wa Tanzania, ambao ndio walioeneza neno kishikwambi hata sisi tukalizoea, walifanya vivyo hivyo: baada ya sensa yao ya Agosti 2022, vishikwambi vya makarani walikabidhiwa walimu. Ongeza hapo vya wafadhili, vya makanisa, vya wanafunzi wa zamani wanaokumbuka shule zao, na vile ambavyo mzazi hununua kwa kujinyima. Vyote huingizwa katika kabati moja, vikavishwa majalada ya rangi moja, nasi tukadhani ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Kila kimoja kina umri wake, kina nasaba yake, na duka la programu hukijua zaidi kuliko sisi tunaokishika.

Tulizoea duka la namna nyingine. Pale Kongowea au Marikiti, mwuzaji hutandaza maembe yake juu ya gunia, na mwenye pesa na asiye nazo wote huyaona. Duka la Google, ambalo lilifunguliwa mwaka 2008 kwa jina la Android Market na kubadilishwa jina kuwa Google Play mwaka 2012, halifanyi hivyo. Kabla ya kukuonyesha chochote, hukukagua wewe kwanza. Kila programu inayopelekwa dukani huandamana na waraka mfupi ambao mtumiaji hauoni. Waraka huo hutaja toleo la chini kabisa la Android ambalo programu inaweza kulitumia, hutaja vipuri ambavyo kifaa sharti kiwe navyo, na hutaja ruhusa zote ambazo programu itaomba. Duka husoma waraka huo, likasoma sifa za kifaa chako, likalinganisha. Visipolingana, programu hiyo hufichwa. Haisemwi kwamba imefichwa, na hapo ndipo penye kiini cha matatizo mengi ya walimu wetu. Mtu aliyenyimwa kitu akiambiwa sababu anaweza kutafuta njia. Aliyefichwa hata kuwapo kwake hujiona yeye ndiye mjinga, au hukiona kifaa chake ndicho kibovu.

Nitoe mfano, kwa kuwa ndio uliotukia siku ile. Baada ya kipindi, mimi na mwalimu tulivichukua vile vishikwambi vinne visivyoiona kamusi tukaviweka sambamba na vinne vilivyoiona. Toleo la Android lilikuwa moja. Ukubwa wa hifadhi ulikuwa mmoja. Tofauti tuliyoigundua ilikuwa ubavuni: vilivyoiona kamusi vilikuwa na tundu la kadi ya simu, na vile vinne havikuwa nalo. Ni vifaa vya kutumia mtandao wa Wi-Fi peke yake. Tukaifungua orodha ya ruhusa zinazoombwa na kamusi ile, na tazama, miongoni mwake kulikuwa na ruhusa ya kupiga simu. Kamusi yapiga simu kwa nani? Mwanafunzi mmoja aliyebaki nyuma akatuonyesha: mwishoni mwa ukurasa wa mipangilio kuna kitufe cha kumpigia mtengenezaji ukihitaji msaada.

Msomaji atashangaa kitufe kimoja kinavyoweza kuifungia darasa kamusi nzima, lakini ndivyo kanuni za duka zilivyo, na zimeandikwa bayana katika maelekezo ya Google kwa watengenezaji wa programu. Programu ikiomba ruhusa ya kupiga simu, duka huchukulia kwamba kifaa lazima kiwe simu, isipokuwa mtengenezaji awe ametamka waziwazi katika ule waraka kwamba uwezo huo si wa lazima. Ikiomba ruhusa ya kamera, huchukulia kwamba lazima kuwe na kamera ya nyuma, tena yenye uwezo wa kujirekebisha yenyewe ili picha itoke wazi. Vishikwambi vingi vya bei nafuu vina kamera ya mbele tu, au vina ya nyuma isiyojirekebisha. Basi programu ya hisabati iliyoweka kamera ili mwanafunzi ajipige picha ya utambulisho hufichwa kwa kishikwambi ambacho kingeweza kufundisha hesabu zote bila kupiga picha hata moja. Dawa yake ni mstari mmoja wa maandishi katika waraka. Mtengenezaji aliyeijaribu kazi yake kwenye simu yake mwenyewe, na karibu wote hufanya hivyo, hawezi kujua kwamba ameusahau, kwa sababu kwake kila kitu hufanya kazi.

Kuna ukaguzi mwingine usiohusu kifaa bali nchi. Mwenye programu huchagua nchi ambazo bidhaa yake itaonekana, na duka huitambua nchi yako kwa akaunti yako. Vishikwambi vya msaada vikija na akaunti iliyofunguliwa ng'ambo, mwanafunzi wa Makueni huhesabiwa kuwa mkazi wa Uingereza, asizione programu zilizotolewa kwa Kenya pekee. Wala nchi ya akaunti haibadilishwi kila siku, kwani Google huruhusu mara moja tu kwa mwaka. Suluhisho ni jepesi, nalo ni kufungua akaunti mpya hapa hapa nyumbani kabla ya kugawa vifaa. Hapa sitakaa sana.

Nitakaa zaidi kwenye umri, maana huo ndio ugonjwa mkubwa. Android hutolewa upya kila mwaka, au karibu kila mwaka. Toleo la 5 lilitoka 2014, la 6 likafuata 2015, la 7 mwaka 2016, na kadhalika. Anayenunua kishikwambi hudhani kwamba atapokea matoleo hayo jinsi yanavyotoka, kama mtu aliyejiandikisha kupata gazeti. Hali halisi ni kwamba Google hutoa msingi, kisha mtengenezaji wa kijibongo ndani ya kifaa aurekebishe ulingane na kijibongo chake, kisha kiwanda kilichounda kishikwambi kiurekebishe tena, na hatimaye mtu aupeleke kwa mnunuzi. Kila mmoja katika msafara huo ana gharama zake. Kiwanda kilichouza kishikwambi kwa faida ndogo hakioni sababu ya kuwalipa wahandisi miaka mitano kwa ajili ya kifaa kilicholipiwa mara moja. Google yenyewe ilijaribu kuufupisha msafara huo kwa mpango wa 2017 uliokuja na toleo la 8, na zipo kampuni ambazo sasa huahidi masasisho ya miaka 7: Google ilianza na simu ya Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafuata na Galaxy S24 mwaka 2024. Ahadi hizo zilianzia kwenye simu za watu wenye uwezo. Kishikwambi kilichonunuliwa kwa bei ya chini kabisa ya zabuni aghalabu hufa na toleo lile lile kilichozaliwa nalo.

Na si lazima kizaliwe na toleo la mwaka wake. Nilipata kumnunulia mpwa wangu kishikwambi katika duka moja katikati ya jiji. Sanduku lilikuwa na picha nzuri na namba kubwa ya toleo la Android, toleo jipya kabisa wakati ule. Nilipokiwasha, ukurasa wa maelezo ulikubaliana na sanduku. Ila programu mbili za masomo zilikataa kuingia, zikidai toleo la juu zaidi. Kijana mmoja anayetengeneza simu alikiunganisha na kompyuta yake, akacheka. Maandishi ya ukurasa ule yalikuwa yamechorwa tu. Mfumo wenyewe ulikuwa wa miaka mingi nyuma. Nilirudi dukani. Mwuzaji aliniambia, kwa adabu, kwamba kioo kinawaka na sauti inatoka, sasa shida yangu ni nini hasa? Mpwa wangu alikitumia kutazama katuni hadi betri ikavimba.

Wakati kishikwambi kimesimama, programu hazisimami. Anayeziunda hupandisha kiwango cha chini kila baada ya muda, kwa kuwa kuhudumia matoleo ya kale ni kazi ngumu na watumiaji wake hupungua. WhatsApp iliacha kuhudumia matoleo yaliyo chini ya Android 5.0 mnamo Oktoba 2023. Google nayo huacha kuhudumia ile sehemu yake ya ndani ambayo programu nyingi huitegemea kwa ramani, kwa ujumbe na kwa kuingia katika akaunti: toleo liitwalo Jelly Bean liliachwa 2021, KitKat likaachwa 2023. Kile kishikwambi kimoja kilichotoa ujumbe wa kutoendana na toleo kilikuwa na Android 5.1, ya mwaka 2015. Kamusi ilihitaji toleo la 7 kwenda juu. Hakuna aliyekiharibu. Kilikaa palepale kikapitwa.

Nataka walimu waelewe jambo hili vizuri, kwani nimesikia wanafunzi wakiadhibiwa kwa kuharibu vifaa ambavyo havikuharibiwa na mtu.

Hata hivyo, tusidhani kwamba dawa ni kununua vipya na basi. Upo upande wa pili wa shilingi, na kwa sisi wapenzi wa Kiswahili upande huo ndio unaoumiza zaidi. Kishikwambi kipya nacho huzikataa programu za kale. Android 14, iliyotoka Oktoba 2023, haikubali kuwekewa programu iliyoandikwa kwa kulenga matoleo yaliyo kabla ya Android 6. Aidha, tangu mwishoni mwa 2022, duka la Google huzificha programu ambazo hazijarekebishwa kulenga matoleo ya miaka ya karibuni: mtu mwenye kifaa kipya ambaye hajawahi kuiweka programu hiyo haioni tena, bali yule aliyekwisha kuiweka siku za nyuma anaendelea kuipata. Hapo ndipo hutokea kile kioja ambacho walimu kadhaa wamenisimulia. Mwalimu anayo programu ya methali katika kishikwambi chake, ameitumia miaka mingi, anawaagiza wanafunzi waitafute, nao wanarudi kesho yake wakiapa kwamba haipo. Mwalimu anawaita wavivu. Wote wawili wanasema kweli.

Kabla ya hapo, Agosti 2019, duka lilikuwa limeanza kudai kwamba programu zenye sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya ndani ya mashine ziletwe pia katika muundo wa biti 64. Masharti haya yote yana sababu njema. Programu iliyolenga matoleo ya kale huweza kuyakwepa makatazo mapya yanayolinda siri za mtumiaji, na wezi wa mitandaoni walikuwa wakiutumia mlango huo. Sibishani na sababu. Ninachouliza ni nani anayeumia. Kampuni kubwa yenye wahandisi mia moja husasisha programu yake kila juma. Lakini programu za Kiswahili, na za lugha zetu nyingine, ziliandikwa na nani? Nyingi ziliandikwa na kijana mmoja chuoni, likizoni, kwa mapenzi yake. Aliikusanya misamiati, au nahau, au ngeli za nomino, akaipeleka dukani bila kudai malipo, akahitimu, akaajiriwa kwingine, akaoa, akasahau nywila yake. Hakuna anayemlipa ili kila mwaka aifungue upya kazi ile na kuibadilisha mistari iwe ya kisasa. Basi kazi inatoweka. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1965, ukikipata katika maktaba kikiwa na mchwa, bado utakisoma kurasa zilizobaki. Programu ya mwaka 2014 haihitaji mchwa.

Nirudi kwa vile vitatu vilivyodai haviwezi kuwasiliana na duka, maana kisa chao ni cha kuchekesha kidogo na kinaweza kumwokolea mwalimu asubuhi nzima. Vilikuwa vimekaa kabatini muhula mzima bila chaji. Betri ilipokwisha kabisa, saa ya ndani nayo ilipoteza hesabu, na vilipowashwa viliamini kwamba tuko miaka mingi nyuma. Sasa, kifaa kinapoongea na duka huomba kwanza cheti cha utambulisho ili kihakikishe hakiongei na tapeli. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kishikwambi kinachoamini kwamba mwaka haujafika hukiona cheti hicho kuwa bado hakijaanza kutumika, kikafunga mawasiliano. Tulirekebisha tarehe na saa, na vyote vitatu vikaifungua kamusi papo hapo. Mwalimu alishika kichwa. Aliniambia kwamba vishikwambi viwili kati ya hivyo vilikuwa vimepelekwa kwa fundi muhula uliopita, na shule ikalipa.

Suala la vyeti lina sura nyingine isiyoponywa kwa kurekebisha saa. Tovuti nyingi sana duniani hutumia vyeti vya bure vinavyotolewa na shirika liitwalo Let's Encrypt. Kifaa hukubali cheti ikiwa tu mzizi wa anayekitoa umo katika orodha kilichozaliwa nayo, na mzizi wa shirika hilo haumo katika Android zilizotangulia toleo la 7.1.1. Kwa muda, mpango wa dharura uliviwezesha vifaa vya kale kuendelea. Mpango huo ulikoma Septemba 30, 2024. Tangu hapo, mwanafunzi mwenye kishikwambi cha kale akiitafuta tovuti ya kawaida kabisa huweza kuonywa kwamba si salama, na mzazi akisikia hivyo humnyang'anya kifaa akidhani mtoto anatembelea kurasa za aibu.

Kishikwambi kisicho na duka lolote la Google kilikuwa zawadi kutoka Marekani. Kilikuwa cha jamii ya Fire, kinachouzwa na Amazon tangu 2011. Msingi wake ni Android, lakini Amazon iliuchukua msingi huo ulio wazi kwa kila mtu, ikaujengea nyumba yake na duka lake. Vifaa vya Huawei vilivyotengenezwa baada ya Marekani kuiwekea vikwazo kampuni hiyo Mei 2019 navyo viko katika hali inayokaribiana na hiyo, vikitumia duka liitwalo AppGallery. Si vibaya kwa ubora. Huenda kioo chake ni kizuri kuliko vyote kabatini. Kasoro ni kwamba mwalimu anapoandika ubaoni jina la programu, huwa ameandika jina la bidhaa iliyo katika duka jingine mtaa mwingine.

Katika hali kama hizi, kishawishi kinachomjia kila mtu ni kuipata programu kwa mlango wa nyuma. Mwanafunzi mwerevu huitoa katika simu ya kaka yake na kuirusha kwa Bluetooth, au huipakua katika tovuti isiyojulikana. Sitawakataza watu wazima, ila nina mambo mawili ya kuwaambia. La kwanza, faili iliyotoka mahali pasipojulikana inaweza kuwa imepachikwa kitu kingine ndani yake, na kishikwambi cha shule hubeba majina na alama za watoto wa watu. La pili ni la kiufundi na huwashangaza wengi: tangu Agosti 2021, programu mpya hupelekwa dukani kama furushi, nalo duka hukikatia kila kifaa vipande vinavyokifaa tu. Ukinakili kipande kimoja kutoka simu ya kaka na kukipeleka kwenye kishikwambi chenye kioo cha aina nyingine, umehamisha shati lisilo na mikono. Litakataa kuingia, au litaingia na kuzimika kila likiguswa.

Njia zilizo nyoofu zipo. Duka liitwalo F-Droid, lililoanzishwa 2010, huhifadhi programu huria pamoja na matoleo yake ya zamani, na hukuambia kila toleo linahitaji Android ipi. Programu ya Kiwix huiwezesha shule kuiweka Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya kifaa na kuisoma pasipo intaneti. Mfumo wa Kolibri huwekwa katika kompyuta moja ya shule, na vishikwambi vikaufikia kwa kivinjari kupitia mtandao wa ndani, bila kupita duka lolote, mradi kivinjari chenyewe si cha kale mno. Njia hii ya mwisho ndiyo ninayoipendelea kwa shule zetu. Kompyuta moja ikichakaa, hubadilishwa hiyo moja, na wala si vishikwambi 22.

Lakini hakuna ujanja wa mwalimu utakaofidia uzembe wa wanaonunua na wanaotengeneza. Mtu anayetia sahihi ya kununua vishikwambi vya shule, awe afisa wa wizara, mbunge mwenye hazina ya eneo lake au mwenyekiti wa bodi, huuliza bei, huuliza ukubwa wa kioo, huuliza jalada la kuzuia kuvunjika. Naomba aongeze maswali matatu. Kifaa hiki kina toleo gani la Android, na nani amelihakiki? Kiwanda kimeahidi kwa maandishi kukisasisha hadi mwaka gani? Je, kimeidhinishwa na Google kutumia duka lake, au la? Mwuzaji asiyeweza kujibu la pili amekwisha kulijibu. Nayo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ambayo hukagua vitabu hadi picha zilizomo, ingefaa iwadai wanaoleta maudhui ya kidijitali waonyeshe kazi yao ikifanya kazi katika kishikwambi cha miaka sita kisicho na tundu la kadi ya simu, kwa sababu hicho ndicho kilichomo kabatini.

Na wanafunzi wangu wanaosomea kompyuta vyuoni, ninyi ambao kesho mtaandika programu ya ngeli au ya fasihi simulizi, iwekeni pia mistari yenu mahali pa wazi ambapo mtu mwingine anaweza kuiendeleza siku mtakapochoka. Mkiichapa leo na kuifungia kwa nywila moja, mmeiandikia tarehe ya kufa.

Siku ile tuliondoka shuleni jua likielekea kuzama. Vishikwambi vitatu vya tarehe mbovu vilikuwa vimepona. Kile cha Android 5.1 mwalimu aliamua kukitumia kwa kusikiliza rekodi za mashairi, kwani faili za sauti hazina ubaguzi. Cha Marekani kilipewa maktaba. Kuhusu vile vinne visivyo na kadi ya simu, mwalimu alimwandikia mtengenezaji wa kamusi barua pepe ya adabu, akimweleza juu ya kile kitufe na ule mstari mmoja unaokosekana. Yule binti wa dirishani ndiye aliyeisoma mara ya mwisho kabla haijatumwa, akasahihisha koma. Majuma matatu yamepita na jibu halijaja. Kwa sasa, wanaokaa upande wa dirisha husoma watatu watatu.